Wapenda Rock Mnauliza: Albamu, Shoo za Ukumbi Mdogo na Masikio Yanayolia

Barua za mwezi huu nyingi zimezunguka palepale, watu wanataka kujua waingilie wapi kwenye rock na kwa nini sisi tulioingia hatutoki. Nimechagua tano, zingine zinasubiri zamu yake.

Shikamoo anko. Mi mwanafunzi, rafiki yangu kanitumia listi ndeeefu ya nyimbo za rock nikawa nazipiga hovyo hovyo kwenye simu, zingine nimezipenda ila nyingi naona kelele tu zinazofanana. Tatizo ni mimi au ndo rock ilivyo? Na nianze na albamu gani?
*Mgeni kwenye gitaa*

Marahaba mwanangu. Wala tatizo si wewe, ni hiyo listi. Ukichanganya bendi tofauti tofauti namna hiyo sikio halipati muda wa kumzoea mtu hata mmoja, ndo kwanza unaanza kumuelewa mpiga gitaa huyu ushatupiwa mwingine. Rock, hasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60, ilitengenezwa kwa albamu nzima, watu walikaa chini wakapanga wimbo upi ufungue na upi ufunge upande wa kwanza, maana upande mmoja wa santuri ulikuwa unabeba dakika 20 na kitu hivi, zikiisha unanyanyuka unageuza. Kwa hiyo chukua albamu moja, isikilize kwa mpangilio wake toka mwanzo mpaka mwisho, kesho rudia hiyohiyo. Mara ya tatu utashangaa, zile kelele zitakuwa zimeshaachana, utasikia besi inaenda huku, gitaa linajibu kule.

Ukiuliza moyo wangu nakwambia anza na albamu ya kwanza ya bendi ya Black Sabbath. Walirekodi karibu yote kwa siku moja tu Oktoba 1969, ikatoka Februari 1970. Inaanza na mvua, kengele inalia kwa mbali, radi, halafu gitaa linaingia zito taratibu mpaka unajikuta umekaa sawa. Na ujue yule mpiga gitaa, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa kijana wa miaka 17, tena ni vidole vya mkono wa kulia, ule anaobania nyuzi kwa sababu anapiga kwa mkono wa kushoto. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka na ngozi juu ili visiteleze, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye kwenye albamu ya tatu ya 1971 wakaanza kulegeza nyuzi zishuke chini ya kawaida, na mlio ukazidi kuwa mzito. Metali yote, yaani ile rock nzito kabisa, unayoisikia leo ina deni kwenye vile vidole. Mi kila nikiisikiliza hiyo albamu nafikiria mtu aliyeambiwa hatapiga tena.

Halafu nenda albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones, ya 1976, nyimbo 14 ndani ya dakika 29, iligharimu kama dola 6,400 tu kuitengeneza. Hakuna solo, hakuna madoido, wimbo unaanza na kabla hujakaa vizuri umeisha. Ukishamaliza hiyo ndo ukae na *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd, 1973, usiku, taa zimezimwa, hefoni masikioni. Ile usiikate katikati tafadhali, nyimbo zimeunganishwa moja inaingia ndani ya nyingine, na walishaizunguka nayo stejini mwaka mzima wa 1972 kabla haijatoka, ndo maana kila kitu kimekaa mahali pake. Hizo tatu zikikukolea niandikie tena tuendelee.

Anko mambo. Mimi na mwenzangu tunabishana. Kuna bendi kubwa inakuja kupiga uwanjani, na kuna kabendi hakajulikani kanapiga ukumbi mdogo wiki hiyohiyo, hela tunayo ya kwenda kumoja tu. Yeye anasema uwanjani ndo shoo, ukumbini ni mazoezi. We unasemaje?
*Mbishi wa nyumbani*

Poa kabisa ndugu yangu. Nitasema wazi bila kupepesa: nendeni ukumbini. Uwanjani sijakataa, kuna raha yake, watu maelfu wakiimba pamoja ni kitu kikubwa, lakini pale unaangalia skrini, na sauti inayokufikia imepita kwenye mitambo mingi. Kwenye ukumbi mdogo unasikia kitu chenyewe. Lile dramu kubwa la chini likipigwa linakusukuma shati kifuani, kweli linasukuma, hewa inatembea. Kabla ya wimbo wa kwanza unasikia amplifaya zinavuma tu chini chini, mtu hajagusa uzi. Mpiga gitaa akilisogeza gitaa karibu na spika yake linaanza kulia lenyewe, akigeuza mwili kidogo mlio unabadilika, yaani anaucheza ule mlio kwa kusogea hatua moja tu. Na kuna kitu kimoja nakipenda sana, zile nyaya zilizo chini ya dramu dogo la sneya, besi ikipigwa noti fulani zinatetemeka zenyewe bila mtu kugusa dramu, utasikia *zzzz* wakati mpiga besi anatiuni. Kwenye rekodi mafundi wanahangaika kuondoa hiyo, pale ukumbini inakwambia kwamba vyombo viko chumba kimoja na wewe.

Af mwambie mwenzako historia ya rock imeandikwa kwenye vyumba vidogo. The Beatles walipiga Cavern Club pale Liverpool karibu mara 300 kati ya 1961 na 1963, chini ya ardhi, joto, jasho linachuruzika ukutani, na hapo ndo walipojua kushika watu. New York kulikuwa na CBGB, kaklabu kembamba kalikofunguliwa 1973 kakafungwa 2006, Ramones wametokea pale, Patti Smith, Television, Talking Heads, Blondie, wote kwenye stejini ileile ndogo ndani ya miaka michache.

Na hii ndo kubwa kwangu. Tarehe 4 Juni 1976 bendi ya Sex Pistols walipiga Manchester kwenye ukumbi wa juu wa Free Trade Hall, waliohudhuria wanakadiriwa kama 40 hivi. Arobaini! Walioiandaa ni vijana wawili ambao wakaja kuwa na bendi yao Buzzcocks. Kati ya watazamaji alikuwepo Peter Hook na rafiki yake Bernard Sumner, Hook kesho yake akaenda kununua gitaa la besi, hao ndo wakaja kuwa bendi ya Joy Division halafu New Order. Morrissey alikuwepo pia, miaka michache mbele akawa muimbaji wa The Smiths. Sasa niambie uwanja gani umewahi kufanya hivyo kwa usiku mmoja. Kwenye ukumbi mdogo unaona kwamba yule aliye juu ni mtu kama wewe, anakosea, anacheka, anaendelea, na wewe unaondoka pale unatamani kushika chombo.

Hata bendi zingine zilikataa kabisa kuiacha hiyo hali. Fugazi wa Washington walishikilia miaka yote tiketi za karibu dola 5, na mtu wa umri wowote anaingia, mtoto wa shule na mtu mzima wote mlango mmoja, wakati wangeweza kuchaji mara nyingi ya hapo na kumbi zingejaa tu. Nawaheshimu mno kwa hilo.

Mkienda, fikeni mapema muone na bendi ya kufungua. Mkisimama mbele kabisa mtasikia dramu na gitaa vizuri ila sauti ya muimbaji itawapita, kwa sababu vyombo vinasikika vyenyewe pale stejini na muimbaji anatoka kwenye spika za pembeni zinazoangalia nyuma yenu. Kama mnataka kusikia maneno simameni karibu na meza ya fundi mitambo, yeye anapanga sauti kwa kusikia kutokea pale alipo. Mi nyimbo za mwanzo nakaa pale kwa fundi, baadaye nasogea mbele.

Habari za kazi. Nilienda shoo wiki iliyopita, ilikuwa nzuri sana ila masikio yalilia wiii mpaka kesho yake mchana. Mama anasema nitakuwa kiziwi, marafiki wanasema ndo raha yenyewe. Nimuamini nani?
*Masikio mawili*

Muamini mama dada yangu, hili silifanyii mzaha. Ule mlio ni sikio linakwambia limeumizwa. Ndani kuna seli zenye vinyweleo vidogo zinazogeuza mtikisiko kuwa sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kipimo wanachotumia wataalamu ni hiki: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 unaweza kuvumilia kwa saa 8, ila kila zikiongezeka 3 ule muda unakatwa nusu, kwa hiyo ukifika 100 una dakika 15 tu, na shoo ya rock kugusa 100 ni kawaida kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwa kumbi za muziki kwamba wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, amesema waziwazi jinsi alivyoharibikiwa masikio, na Brian Johnson, muimbaji wa AC/DC, mwaka 2016 aliacha ziara katikati kwa onyo la madaktari kwamba asipoacha atapoteza usikivu kabisa.

Nunua plagi za masikio za wanamuziki, si zile za sponji. Sponji inakata sauti za juu zaidi kwa hiyo muziki unakuwa kama unatokea chumba cha pili, hizi za wanamuziki zinashusha zote kwa usawa, unasikia kila kitu ila chini kidogo, na wengi tunaona maneno ya muimbaji yanasikika vizuri zaidi ukiwa nazo. Usisimame mdomoni mwa spika, toka nje mara moja moja. Na ule mlio ukikaa zaidi ya siku mbili nenda kwa daktari wa masikio, usisubiri uzoee. Nataka uendelee kuja kwenye shoo ukiwa bibi.

Kaka, kazini wananisema kila siku kwamba rock ni muziki wa wazungu, eti mtu mweusi anatafuta nini huko. Nawajibu nini?
*Mwenye fulana nyeusi*

Wajibu kwa majina. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi wa Arkansas, alikuwa anapiga gitaa la umeme lenye mkwaruzo kwenye nyimbo za kanisani tangu miaka ya 40, kabla nyota wengine wa rock hawajaanza. Mtafute kwenye video ya 1964, amesimama kwenye stesheni ya treni iliyoachwa huko Manchester, koti limevaliwa, hali ya hewa ya mvua, gitaa jeupe, watazamaji vijana wa kizungu wamekaa ng'ambo ya reli wanamkodolea macho. Hall of Fame ya rock, lile jumba la kuwaenzi magwiji, ilimkumbuka 2018 tu, amekufa tangu 1973. Halafu Chuck Berry, Little Richard, Bo Diddley, Jimi Hendrix, wote weusi, waendelee kuhesabu wenyewe.

Na kama wanataka Afrika, waambie Zambia. Miaka ya 70 serikali ya Kaunda ilitaka redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, vijana wa miji ya migodi wakachukua magitaa ya fazi, yaani mlio wa kukwaruza, na kuimba kwa Kiingereza na lugha zao, ndo ikazaliwa Zamrock. WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Paul Ngozi. Sikiliza *Lazy Bones!!* ya WITCH ya 1975, gitaa linachafuka halafu chini yake dramu linacheza kiafrika kabisa. Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukabana, wengi wakafariki, muziki ukalala miaka mingi. Muimbaji wa WITCH Emanuel Chanda, anayeitwa Jagari, akaishia kuchimba vito, na baadaye santuri za zamani zilipotolewa upya dunia ikamtafuta, akarudi stejini, na 2023 WITCH wakatoa albamu mpya *Zango*. Mtu ameshapita umri wa kustaafu anazunguka dunia anapiga rock yake. Hiyo fulana nyeusi ivae tu kaka.

Anko, albamu ya laivu au ya studio, ipi ya kweli zaidi?
*Wa maneno machache*

Zote, inategemea wamefanya nini na chumba. Wimbo wa mwisho wa albamu ya nne ya Led Zeppelin, 1971, ni wa studio ila lile dramu waliliweka chini kwenye ukumbi wa nyumba ya zamani, maiki wakazining'iniza juu kwenye ngazi, ndo maana linasikika kubwa vile. Na laivu anza na *Live at Leeds* ya The Who, imerekodiwa Februari 1970 kwenye bwalo la chakula la chuo kikuu, watu wanne tu stejini, wacheza vyombo watatu, na hakuna sehemu hata moja iliyo tupu. Iweke sauti juu, ila si kwa hefoni.