Rekoda ya kuwindia mizuka Mikindani: simu inatosha?

Mkuu, umeuliza kama simu inatosha kurekodi sauti za mizuka kwenye magofu ya Mikindani, kule Mtwara, au ununue rekoda. Nunua rekoda. Simu nyingi pakiwa kimya hujiongezea usikivu zenyewe, basi mvumo wa bahari unapanda mpaka unaanza kusikia watu wakinong'ona. Chukua yenye sehemu ya kuzima hiyo kitu, kama Zoom H1n au Tascam DR-05X, uweke kiwango kwa mkono na usikiguse tena. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa. MP3 inakata vipande vya sauti na kuacha mikwaruzo ambayo mtu mwenye hamu atadhani inamwita jina lake. WAV ya stirio, biti 16 kwa kHz 44.1 (ubora wa CD), inakula kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 32 ni usiku mingi tu.

Kubwa kuliko mashine ni sifongo ya upepo, ile ya manyoya ya kuvalisha maikrofoni. Pwani bila hiyo umepoteza betri.

Usiishike mkononi, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa. Ukikohoa, sema "nimekohoa mimi", usije ukadhani ni mzuka ukisikiliza baadaye. Mimi sikutaja sauti za pale, nikarudi nyumbani na kilio cha mtoto safi kabisa, nywele zikanisimama. Nikamsikilizisha babu mmoja jirani. Akacheka mpaka akakohoa: "Mjukuu wangu, huyo komba, yuko juu ya mwembe."

Na mwenye gofu umwombe ruhusa mchana.