Kabla Hujamshona Mwanasesere, Uliza Majina

Mara ya kwanza nilipeleka wanasesere 20 kwenye makao ya yatima yenye watoto 27. Nilikuwa nimeambiwa kwa simu kwamba watoto ni "kama ishirini hivi", nami sikuuliza zaidi. Wale saba waliokosa hawakulia. Walisimama kando ya ukuta wakiwatazama wenzao wakichagua, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anti, wangu ako wapi?" Nilirudi mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa matatu na gunia tupu mapajani. Wiki tatu baadaye niliwapelekea wale saba wanasesere wao, nikawakuta wanasesere wengine wote wamepangwa juu ya kabati la ofisi, wamefunikwa plastiki wasichafuke.

Tangu siku hiyo sishiki mkasi kabla sijapata orodha ya majina, na kila jina nalidarizi kwenye unyayo wa mwanasesere. Mwanasesere mwenye jina unyayoni ana mwenyewe. Mama mlezi akitaka kumweka kabatini, mtoto anaweza kusema, "Huyu ni wangu," na anasikilizwa. Nimeliona hilo likitokea.

Kuna sababu nyingine ya kusisitiza umilikaji. Wengi tunaowaita yatima wana mzazi mmoja aliye hai, au wana nyanya, mjomba, shangazi. Serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto wakalelewe na jamaa au familia nyingine. Kwa hiyo mtoto uliyemshonea leo huenda mwakani yuko kwa nyanyake. Mshonee na kimfuko cha kufunga kwa kamba. Siku ya kuondoka asiambiwe kwamba mwanasesere ni mali ya makao.

Sasa kazi yenyewe. Mabaki ya vitenge utayapata kwa fundi yeyote mtaani ukimwomba kwa adabu, na mashuka mazuri ya pamba yapo soko la Gikomba. Kwa ngozi mimi hununua kitambaa cha hudhurungi, vivuli vitatu au vinne, kwa sababu watoto wetu hawafanani. Fulana za mitumba zinavutia kwa ulaini, lakini zinanyumbuka. Ukijaza, shingo inakuwa nene kuliko kichwa. Chagua kitambaa kisichovutika. Kisha fua kila kitu kabla ya kukata, hasa kitenge chekundu. Nilishawahi kuharibu nyuso tano kwa rangi iliyochuja.

Uso udarizi kwanza, kitambaa kikiwa bado bapa, ili mafundo ya uzi yabaki ndani. Usitumie vifungo kuwa macho. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kikichomoka kinaweza kumkaba. Macho ya uzi hayachomoki. Kichwa na kiwiliwili vikate kwa kipande kimoja, urefu wa sentimita 30 hivi, uache sentimita moja ya mshono, na cherehani uiweke kwenye hatua fupi. Pitia mara mbili kwapani na katikati ya miguu, maana mtoto akimpenda mwanasesere humburuta kwa mkono mmoja. Shingoni kata mikato midogo isiyofika kwenye uzi, la sivyo ukigeuza patajikunja.

Kujaza ndiko kunakohitaji subira kuliko yote. Wengi hukimbilia sponji iliyokatwakatwa kwa kuwa ni rahisi kupata. Sponji hunywa maji, na Julai ya Nairobi, jua likiwa limejificha siku nzima, mwanasesere wa sponji hukaa kambani siku tatu na bado ananuka. Vipande vya nguo navyo ni vizito na hujikusanya tumboni. Tumia pamba ya mito, ile nyepesi ya nyuzi, uitie kidogo kidogo kwa kijiti, ukianzia vidoleni. Shingo uishindilie hadi uone umepitiliza, kisha uongeze kidogo. Shingo ikilegea kichwa kitainama daima, na mtoto mmoja aliniambia wake anaonekana mgonjwa.

Nywele za gundi hazivuki kufuliwa mara moja. Shona uzi wa sufu kwa safu, ndipo usuke mistari au vifundo. Siku hizi nauliza watoto wamesukwaje msimu huo, kwa sababu jambo la kwanza wanalolinganisha ni kichwa. Jambo la pili ni nguo. "Anti, hii nguo yake inatoka?" Nimeulizwa hivyo kila mahali nilikokwenda. Basi nguo itoke, iwe na mpira kiunoni, na chini yake kuwe na chupi. Kisha kata kijileso cha mraba, sentimita 40 kila upande, ukipinde pindo. Bila kuelekezwa, watoto humfunga mwanasesere mgongoni, wanamtikisa, wanamnyamazisha kwa maneno waliyowahi kuambiwa wao. Sijawahi kushona kitu kinachotumiwa sana kama hicho kijileso. Wavulana nao wanambeba. Usiwafungashie magari ukidhani hawatataka; waulize.

Picha za watoto usipige. Ukitaka kumbukumbu, wapige wanasesere kabla hawajaondoka mezani kwako.

Kundi ninaloshona sasa lina majina 31. Nimefika jina la 19, nalo ni la mtoto wa miezi minane. Wake hatapata nywele za uzi, maana uzi mrefu unaweza kumzingira mtoto kidole ukamkaza bila mtu kuona. Nimemfunga mwanasesere kilemba cha kitenge na kukishona pande zote kisichomoke. Kitambaa kilichobaki kimetosha kijileso, nacho nimekiweka ndani ya kimfuko chake, hadi mtoto awe na mgongo wa kubebea.