Namna ya Kuutazama Msalaba Katika Uchoraji wa Kisasa

Wengi wetu tuliokulia kwenye picha za Yesu mwenye uso mtulivu hushtuka tunapokutana na michoro ya ekspreshonizimu, yaani sanaa inayokuza rangi na kupinda maumbo ili kuonyesha hisia, na wapo wanaohisi kwamba imani yao imedhihakiwa. Kwa kuwa naishi Ujerumani na huwatembeza wageni wa kutoka nyumbani katika jumba la sanaa la Pinakothek der Moderne mjini Munich, ninawasihi waisome Injili kwanza, mstari kwa mstari, kabla ya kuuliza kama mchoro unapendeza.

Chukua “Kristo Mwekundu” wa mchoraji Mjerumani Lovis Corinth, uliochorwa mwaka 1922 juu ya ubao. Humwomba mgeni asome Yohana 19 kwa sauti, kisha atazame. Katika Injili, siki hutolewa Yesu angali hai, na mkuki humchoma ubavu akiwa amekwisha kufa. Corinth ameyakutanisha yote mawili kwa mpigo mmoja, huku macho ya Yesu yakiwa wazi na kututazama sisi. Ukisogea karibu, kwa kadiri mlinzi atakavyokuruhusu, utaona rangi nzito iliyopakwa kwa nguvu na kukwanguliwa, na utaona kwamba wekundu wa damu umeenea hadi kwenye jua. Corinth alipata kiharusi mwaka 1911, na wapo wanaoeleza kila kitu kwa ugonjwa huo. Maelezo hayo hayaniridhishi, kwa sababu kuyaunganisha matukio mawili namna ile ni uamuzi wa mtu aliyeyasoma Maandiko kwa makini.

Baada ya Injili, tazama mwaka. “Usulubisho Mweupe” wa Marc Chagall, uliopo katika jumba la sanaa la Art Institute mjini Chicago, Marekani, ni wa mwaka 1938, mwaka ambao masinagogi yalichomwa moto kote Ujerumani. Chagall, Myahudi kutoka eneo la Vitebsk katika Belarus ya leo, amemfunga Yesu kiunoni shela ya sala ya Kiyahudi. Upande mmoja sinagogi linaungua, upande wa pili kijiji kinavamiwa, na chini mama anakimbia akiwa amemkumbatia mtoto wake. Pale tunapotarajia kumwona Mariamu na Yohana pamesimama kinara cha mishumaa tu. Mtafute mtu anayemtazama Yesu. Kila mmoja ana mateso yake anayoyakimbia.

Wachoraji wa simbolizimu, yaani wanaotumia ishara kueleza mambo ya ndani ya nafsi, ningewaacha baadaye kidogo. Paul Gauguin, katika mchoro wa Bustani ya Mizeituni wa mwaka 1889, alimpa Yesu sura yake mwenyewe, na mtu asiyezoea michoro hii anaweza kukwama kwenye majivuno ya msanii akasahau huzuni iliyomo.

Kwa walio mbali na majumba haya, na hasa viongozi wa jumuiya wanaotafuta picha za kutafakari wakati wa Kwaresima, napendekeza waanze na “Miserere”, mfululizo wa picha za kuchapwa wa msanii Mfaransa Georges Rouault, uliotolewa mwaka 1948 ukiwa na picha 58. Zote ni za rangi nyeusi, hivyo nakala iliyochapwa kwa mashine ya kawaida haipotezi mengi, na mnaweza kukaa na picha moja jioni nzima.