Gonga jiwe kabla hujalibeba

Sanamu yangu ya kwanza kubwa ya jiwe ilipasuka siku ya 23 ya kazi. Alikuwa mama ameketi, amempakata mwanawe. Nilikuwa nimebakiza kuutenga mkono wa kushoto na kiuno. Nikapiga tindo pigo jepesi tu, bega likaporomoka pamoja na kichwa cha mtoto. Mteja alikuwa amekwisha kulipa nusu.

Nawaandikia vijana wachongaji wa huku Mtwara na Lindi mnaotaka kuonja jiwe baada ya mpingo. Mpingo umeadimika, na gogo halali lina gharama zake. Jiwe tunalikanyaga kila siku. Lakini ukilichukulia kama gogo litakutesa, kama lilivyonitesa mimi.

Uchongaji nilifundishwa na mjomba wangu, Newala, kwa tezo na patasi. Nilipompigia simu kumweleza, alishuka hadi bandani kwangu Mikindani. Sanamu hakuitazama. Aliokota lile bega, akaligeuza pale lilipovunjikia, akapitisha kidole. Mpasuko ulikuwa na rangi ya udongo, kahawia, ndani kabisa.

"Mpwa wangu, ufa huu umeukuta," akasema. "Gogo la mpingo tunaligonga tujue kama lina uwazi moyoni. Jiwe je, uliligonga?"

Sikuwa nimeligonga. Nililipenda kwa weupe wake nikalipakia kwenye guta.

Siku hizi jiwe haliingii bandani kabla sijalisikiliza. Naliweka juu ya vijiti viwili lisigusane na ardhi, maana likilala mchangani sauti inamezwa. Kisha naligonga kwa nyundo ndogo, kila upande. Jiwe zima linalia kama chungu kilichoiva vizuri. Lenye ufa linatoa sauti butu, fupi. Baada ya hapo nalimwagia maji na kulisubiri likauke. Uso wote unapauka, lakini penye ufa mstari mweusi unabaki kwa muda. Mstari huo nauwekea alama ya mkaa, na sanamu naipanga kwa kuukwepa. Ukikatiza shingoni au kwenye mkono, jiwe hilo nalifanyia kazi nyingine.

Jiwe letu la pwani ni matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, ndiyo yaliyojenga nyumba kongwe za Mikindani. Lina vishimo na magamba ya kombe ndani, kwa hiyo vidole vyembamba halivimudu. Lipe maumbo mapana: mgongo, magoti, kichwa kilichoinama. Likitoka machimboni na unyevu wake huchongeka kirahisi zaidi, halafu hukomaa linapokauka. Waliojenga Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, waliijua siri inayofanana na hiyo. Kwa nakshi za mihrabu na miimo ya milango walikata tumbawe bichi baharini likiwa laini, wakalichonga kabla halijakauka. Nendeni mkazitazame kingo zake zilivyo safi mpaka leo. Ila kulikata tumbawe hai msiwaige kabisa. Miamba ile ndiyo nyumba ya samaki tunaowala, na upande wetu kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Jiwe la nchi kavu linatutosha.

Uzito nao usiukadirie kwa macho. Jiwe la chokaa lililoshiba, lisilo na vishimo, futi 1 kila upande, linakaribia kilo 70. Tumia mtaimbo na vipande vya bomba vya kuliviringishia, uulinde mgongo wako.

Na vumbi! Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu nawaona vijana wakiwasha grenda wamejifunga kanga puani. Kitambaa hakizuii vumbi jembamba. Mawe magumu ya bara, kama ya milima ya Masasi, yana chembe za kwazi, yaani madini magumu ya quartz, na vumbi lake likirundikana mapafuni huacha makovu ambayo hayana tiba. Lowesha jiwe muda wote, vaa barakoa ya kazi na miwani, kaa upande ambao upepo unatokea nyuma yako.

Kuhusu riziki: sanamu kubwa haziji kila mwezi. Mimi naishi kwa mawe ya makaburi na benchi za bustani, na oda nyingi huja msimu wa korosho, watu wakiwa na fedha. Yule mteja nilimweleza ukweli siku ileile, nikamwomba muda, nikaanza upya na jiwe jingine.

Kiwiliwili cha yule mama sijakitupa. Kina ufa wa pili, mwembamba, usioonekana kwa macho. Kijana akija kuomba kujifunza, namfunga kitambaa usoni, nampa nyundo ndogo, agonge kutoka magotini kwenda juu, aniambie ufa unaanzia wapi.