Jibu: Kulipwa kwa neno au kwa makala nzima
Ndugu yangu, umeuliza kama mwandishi wa makala za tovuti anayeanza akubali kulipwa kwa idadi ya maneno au kwa makala nzima. Mimi, ninayewaandikia wateja wa Marekani nikiwa Nairobi, ningekushauri udai bei ya makala nzima, kwa sababu hesabu ya maneno haizioni saa unazotumia kutafuta habari na kusahihisha. Makala moja ya maneno 800 kuhusu pampu za maji za sola ilinichukua siku mbili. Mteja akairudisha mara nne, kila mara akitaka aya mpya, kisha akanyamaza bila kulipa, na jambo hilo liliniuma sana. Tangu hapo mimi huandika katika makubaliano kwamba marekebisho ni mawili tu na kwamba nusu ya fedha hutangulia, hata mteja awe mpole namna gani. Zingatia pia tofauti ya saa: mteja wa New York anapoanza kazi saa 3 asubuhi, kwetu huwa ni saa 10 jioni, au saa 11 wakati wa baridi yao, hivyo maswali yake yatakukuta ukila chakula cha usiku. Fedha anazokutumia mteja kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, huhamishiwa M-Pesa, lakini linganisha kwanza kiwango cha kubadilishia dola na kile cha benki siku hiyo.