Kadi ya Waifai Haijafa, Imekosa Famwea

Ujumbe uliingia juzi usiku kutoka Langoni, Lamu: "Kaka, nimeweka Debian kwenye laptopu, kila kitu kiko sawa isipokuwa waifai. Fundi asema kadi imeliwa na chumvi, niagize nyingine Mombasa. Ni kweli?" Debian ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta, mfano wa Windows. Chini ya ujumbe palikuwa na picha ya skrini, na jibu lilikuwa limo ndani ya picha yenyewe:

iwlwifi 0000:03:00.0: firmware: failed to load iwlwifi-6000g2a-6.ucode (-2)

Chumvi ya Lamu hula vitu vingi, lakini haiandiki ujumbe wa namna hii. Hiyo -2 maana yake ni moja tu: faili halikupatikana. Kadi imejitambulisha, kerneli (kiini cha mfumo) imeijua, draiva (programu inayoiendesha kadi) imepanda, kisha draiva ikatafuta faili ndani ya /lib/firmware ikakuta patupu. Kadi iliyokufa haifiki hatua hiyo, haionekani kabisa.

Famwea ni programu ndogo ambayo draiva huimimina ndani ya kadi kila mashine inapowashwa. Kadi yenyewe haiihifadhi. Windows huja nayo, ndiyo maana watu husema "mbona zamani ilishika?" Debian iliitenga kwa miaka mingi kwa sababu msimbo wake umefungwa na kampuni, na mfumo huria haukutaka kubeba kisichokuwa huria. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura, na toleo la 12 lilipotoka Juni 2023 diski ya usakinishaji ikaanza kuja na famwea ndani. Kwa maoni yangu kura hiyo ilichelewa. Anayetaka kadi isiyodai famwea ya siri bado anaweza kuipata: kadi za ndani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k hazihitaji faili lolote.

Msomaji wetu alipewa flashi ya Debian 11 na rafiki, kisha akafuata maelekezo ya 12. Hapo ndipo wengi hunaswa. Hazina ya vifurushi vya Debian imegawanywa mafungu. Kwenye 11 famwea imo katika fungu la non-free. Kwenye 12 limeundwa fungu jipya, non-free-firmware. Ukiandika jina la 12 kwenye mashine ya 11, apt (programu ya kusakinisha vifurushi) italalamika kwamba hazina "doesn't have the component", na ukilazimisha utaambiwa "Unable to locate package". Hujakosea amri, umekosea toleo. Kama ndiyo kwanza umesakinisha na hujaweka kazi zako, shusha netinst (diski ndogo ya usakinishaji) ya toleo jipya uanze upya. Kama tayari una kazi zako, endelea hapa.

Kwanza ijue kadi. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Soma tarakimu zilizo ndani ya mabano ya mraba, si jina la kibandiko cha laptopu. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti. 8086 ni Intel, utahitaji firmware-iwlwifi. 10ec ni Realtek, firmware-realtek. 14e4 ni Broadcom, na huko kuna balaa lake, nitalifikia. Ya USB itazame kwa lsusb.

Sasa intaneti ya kushushia dawa ya intaneti. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, uwashe kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio. Njia hii haihitaji famwea. Amri ya ip a itaonyesha usb0 au jina linaloanza na enx. Lisipotokea, badilisha waya kabla ya kubadilisha chochote kingine, kwa sababu nyaya nyingi za madukani huchaji tu. Na si lazima uchome bando: simu nyingi zikiwa zimeshika waifai ya nyumbani hupitisha hiyo hiyo kwa USB.

Ingia kama mkuu wa mfumo kwa su - na hicho kistari usikiache. Ukiandika su tupu, modprobe itajibu "command not found" na utadhani mfumo umeharibika. Fungua /etc/apt/sources.list, weka alama ya # mbele ya mstari wa cdrom, kisha uhakikishe una huu:

deb http://deb.debian.org/debian bullseye main non-free

Bullseye ni jina la Debian 11. Kwa Debian 12 ni bookworm main non-free-firmware. Halafu:

apt update
apt install firmware-iwlwifi
modprobe -r iwldvm iwlwifi
modprobe iwlwifi

Hiyo iwldvm ni ya kadi za zamani kama 6205 ya huyu bwana. Kadi mpya zaidi, kama 7260, hutumia iwlmvm. Ukiona inakuchanganya, washa mashine upya, matokeo ni yale yale. Usishtuke dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli) ikitaja faili mbili tatu zilizokosekana. Draiva hujaribu toleo jipya kwanza, kisha hushuka, na likipatikana moja linatosha.

Apt ikikataa ikisema "not valid yet", tazama saa. Laptopu nyingi za mitumba toka Uingereza huja na betri ya saa iliyokwisha, zikadhani bado ni miaka ya nyuma. Rekebisha kwa date -s, kisha utafute betri mpya. Nyingi hutumia CR2032, ila katika laptopu mara nyingi huwa na waya wake.

Broadcom sasa. Kadi ya 14e4:4727 hutosheka na firmware-brcm80211. Lakini 14e4:4365 hudai broadcom-sta-dkms pamoja na linux-headers-amd64, maana draiva hujengwa palepale kwenye mashine yako. Kifurushi hicho kimo katika non-free hata kwenye Debian 12, kwa hiyo fungu la famwea peke yake halitoshi. Secure Boot (ulinzi unaokataa draiva zisizo na sahihi) ikiwa imewashwa, draiva itajengwa vizuri kisha itakataliwa. Rahisi ni kuizima kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka.

Famwea ikishakaa na bado kimya, andika rfkill list. "Soft blocked: yes" huondoka kwa rfkill unblock wifi. "Hard blocked: yes" haiondoki kwa amri yoyote duniani. Tafuta swichi pembeni mwa laptopu. ThinkPad za zamani kama T420 zinayo upande wa kulia. Na jina la kadi likiwa limeandikwa ndani ya /etc/network/interfaces, NetworkManager (programu inayosimamia mitandao) huiacha, ikaonekana "unmanaged". Futa mistari ya kadi hiyo tu, uache ile ya lo, ambayo ni mtandao wa ndani wa mashine yenyewe.

Mafundi nao wanisikie: dmesg haina malipo. Kumwagizia mtu kadi Mombasa, ivuke maji toka Mokowe, kisha nayo ikose faili lile lile, ni kumla mteja. Na baadhi ya laptopu za Lenovo na HP hukataa kadi isiyo kwenye orodha ya BIOS yake, hivyo hata hiyo mpya huenda isiwake.

Bwana wa Langoni alipata waifai usiku ule ule, ila ukumbini tu. Huko hakuna faili la kuongeza. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya mawimbi ya 5 GHz kabla hayajafika chumba cha ndani. Nimemwambia aishushe ruta iwe 2.4 GHz, chaneli 1, 6 au 11, aitoe nyuma ya kabati na kuiweka mkabala na mlango.