Kitabu cha Dracula na muvi zake: vilivyobadilishwa na sababu zake

Mkuu, umesema umeshaona Dracula ya 1931, ya 1958 na ya 1992, na unauliza kama kitabu cha Bram Stoker cha 1897 kina jipya, na ni muvi ipi iliyokaribia zaidi maandishi.

Kisome. Tofauti kubwa haiko kwenye matukio, iko kwenye namna hofu inavyotengenezwa. Kitabu chote kimeundwa kwa karatasi za watu: shajara, barua, telegramu, vipande vya magazeti, kumbukumbu za nahodha wa meli, na sauti ya Daktari Seward, mkuu wa hospitali ya wendawazimu, iliyorekodiwa kwenye silinda za nta. Dracula mwenyewe, maiti anayeishi kwa kunywa damu za watu, hajapewa shajara hata moja. Ukishamaliza sura 4 za mwanzo kati ya 27, unamwona kwa kudokezwa tu. Msomaji ndiye anayeshika karatasi zote, wahusika kila mmoja anashika yake.

Angalia Lucy anavyokufa. Msomaji ameshasoma shajara ya Jonathan, wakili kijana aliyekwenda kwenye ngome ya Dracula huko Transylvania, lakini mchumba wake Mina bado. Kwa hiyo anapoona vidonda viwili vidogo shingoni mwa rafiki yake Lucy, anadhani amemchoma kwa pini alipokuwa akimfunga shali. Profesa Van Helsing, mjuzi wa habari za wanyonya damu, anaweka maua ya kitunguu saumu chumbani kumkinga, mama yake Lucy anayatoa kwa sababu yananuka. Mama huyo ana ugonjwa wa moyo, ndiyo maana hakuna aliyemweleza lolote. Kisha Van Helsing anatuma telegramu kumtaka Seward alinde nyumba ya Lucy usiku ule. Jina la mkoa halikuandikwa, telegramu inapelekwa mahali pengine penye jina lilelile la Carfax, inamfikia Seward ikiwa imechelewa saa 22. Usiku huohuo mbwa mwitu anavunja dirisha na mama anafariki. Hakuna aliyefanya uzembe mkubwa; kila mmoja alikosa karatasi iliyokuwa kwa mwenzake. Kwangu mimi hapo ndipo penye utisho wa kitabu, na kamera inapata shida kupaonyesha, kwa sababu karatasi iliyochelewa haina sura.

Silaha inayowaokoa nayo ni karatasi. Mina anapiga taipu maandishi yote na kuyapanga kwa tarehe, nakala tatu kwa mpigo. Dracula anapoingia nyumbani kwao anachoma maandishi na silinda za Seward, lakini nakala moja ilikuwa kwenye sefu. Ukilitoa hilo, kama muvi nyingi zilivyofanya, Mina anabaki mwanamke wa kuokolewa tu.

Sasa muvi zenyewe. Ile ya 1931 ya Tod Browning imepita kwanza kwenye tamthilia ya jukwaani, ndiyo maana sehemu kubwa ni watu kuzungumza sebuleni. Renfield, ambaye kitabuni ni mgonjwa wa hospitali ya Seward, ndiye anayesafiri kwenda Transylvania badala ya Jonathan, Seward amegeuzwa baba wa Mina, Quincey Morris, Mmarekani aliyemposa Lucy, ameondolewa. Suti ya jioni na joho lenye kola iliyosimama pia ni vitu vya jukwaani. Dracula wa kitabuni anapotokea mara ya kwanza ni mzee mwenye masharubu marefu meupe, pumzi inayonuka na vinyweleo viganjani, na anarudi ujana kadiri anavyokunywa damu.

Ya 1958, ya Terence Fisher, imekata kwa ukali zaidi: hakuna safari ya meli, hakuna Renfield, na Jonathan anafika ngomeni akijua kabisa anakwenda kuua. Van Helsing anatamka wazi kwamba habari za kugeuka popo ni dhana potofu. Ni uamuzi wa busara, maana popo wa bandia angeua hofu yote. Mwisho wake, jua linamuunguza Dracula.

Hapo kwenye jua ndipo wengi wanapobishana bure. Kitabuni jua halimuui. Sura ya 13 Jonathan anamwona mchana mtaani Piccadilly, London. Mchana unampunguzia nguvu tu. Kanuni zote Van Helsing anazieleza sura ya 18. Kifo cha jua kimetoka kwenye Nosferatu, muvi ya Mjerumani Murnau ya 1922, iliyotengenezwa bila ruhusa na kubadilisha majina. Mjane wa Stoker alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Nakala kadhaa zilinusurika, na kanuni hiyo ikabaki kwenye muvi zilizofuata.

Ya 1992 ya Coppola inachanganya watu kwa sababu ina jina la Stoker kwenye kichwa. Kweli imerudisha shajara, taipu, silinda za nta na wachumba wote watatu wa Lucy. Ila mapenzi ya Dracula na Mina, eti ni mke wake wa kale aliyezaliwa upya, hayamo kitabuni hata mstari mmoja. Sura ya 21 Dracula anamshika Mina shingo kwa nyuma na kumnywesha damu ya kifuani mwake huku mumewe Jonathan amelala kando kama mtu aliyezirai. Ni unyanyasaji, na Mina mwenyewe analia kwamba amenajisika. Kuligeuza tukio hilo kuwa mahaba ni badiliko zito kuliko kumfuta mhusika yeyote.

Iliyokaribia zaidi ni ya BBC ya 1977, Count Dracula, Louis Jourdan akicheza kama Dracula. Hata hiyo imewaunganisha Arthur na Quincey, wawili kati ya waliomposa Lucy, kuwa mtu mmoja, na Mina na Lucy ni ndugu.

Na tafadhali tusimwite Dracula mumiani. Mumiani wa simulizi za pwani yetu ni mtu hai anayekamata watu kuchukua damu kwa ajili ya dawa. Huyu ni maiti anayetembea.

Ukianza kusoma, haki zake zimeshaisha muda, kinapatikana bure mtandaoni. Fuata tarehe juu ya kila ingizo, maana sura ya 5 inarudi nyuma hadi Mei wakati Jonathan tumemwacha mwisho wa Juni. Mzee Swales wa sura ya 6 anaongea lahaja ngumu ya Whitby, mji wa pwani ya Uingereza. Ukikwama, ruka aya zake. Sura ya 7, kumbukumbu za meli Demeter iliyomleta Dracula Uingereza, isome usiku kwa mkao mmoja. Na ukifika ya 27 usitafute kigingi cha kuchomwa moyoni: Jonathan anamkata koo kwa kisu cha kukri, Quincey anamchoma moyo kwa kisu cha bowie, jua likiwa linazama, na mwili unakuwa vumbi kabla hawajavuta pumzi.